Mlima wa Ufuta wa Kitunu

Hapo zamani za kale, wakati kobe bado ana mbio, panya waliishi pamoja kwenye ghala moja. Asiyeamini akamuulize babu yake panya.

Mkubwa wao alikuwa Buku, mnene mpaka akipiga chafya paa linahama. Mdogo wao alikuwa Kitunu, mwembamba, anapita tundu la sindano na mzigo kichwani. Ghalani mlikuwa na mtama, mihogo na ufuta. Kitunu aliupenda ufuta. Akautaka wote.

Sasa panya wana desturi yao: chakula kikikuumiza mara moja, hukigusi tena. Wala si ubishi, wadogo zangu. Ubongoni mwao mna vimeng'enya, vifundi vidogo sana, elfu nzima vinalala kwenye unywele wa chawa na nafasi inabaki. Tumbo likichafuka, vifundi hivyo vinaikimbilia ladha uliyokula na kuipiga muhuri, pa! Muhuri huo hautoki hata kwa sabuni ya kuogeshea tembo.

Kitunu alilijua hilo. Siku ya karamu akawaachia wenzake ufuta, wakala wakashiba. Kisha akatia utomvu wa mnyaa, mti wenye maziwa ya sumu, kwenye mtungi wa maji. Wakanywa. Wuu! Walitapika mpaka ghala likawa ziwa, mamba akaja kuulizia chumba.

Buku akajifuta mdomo. "Ufuta huu una laana, Kitunu mwanangu. Kula wewe mwenye tumbo la chuma."

"Nitajikaza, mzee wangu."

Akala akicheka peke yake. Hakujua kwamba binti yake, Siwema, alikuwepo karamuni. Alikula na wenzake, akanywa na wenzake. Baadaye kila akipewa ufuta nyumbani anageuza uso, anaomba mtama. Baba akadhani anadeka.

Mvua ikagoma. Mtama ukaisha, mihogo ikaisha. Ukabaki ufuta, mlima mzima, kilele chake kinakwaruza mawingu. Buku akakonda akawa kama ufito, akalala ubavuni mwa mlima ule, asiamke. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Siwema naye akalegea. Kitunu akamkaangia ufuta, akamtwangia, akamtafunia. Ukigusa mdomo tu, unarudi.

Ndipo akapiga magoti. "Kula, mwanangu. Ufuta hauna kosa. Ni yale maji. Nilitia mnyaa mimi, kwa mkono huu huu."

Siwema akamtazama bila hasira. "Nimekusikia, baba. Nakuamini."

"Basi kula."

"Mimi nakuamini. Mwambie na ulimi wangu."

Kitunu akauinamia ulimi wa mwanawe. Akauapia, akaubembeleza, akaulilia machozi ya kujaza mito saba. Ulimi hauna masikio.

Alimzika chini ya mlima ule, akabaki na ufuta wake wote, na hapana hata mmoja wa kumwamkia.

Uongo ukishashuka tumboni, ukweli hauna njia ya kuufuata.