Kaburi Kwanza, Nyumba Baadaye

Palikuwa na Sultani katika mji wa Mwambweni, Sultani Dadi, mtu mpole sana kwa kila aliyepanga kwake. Na vibanda vya kupangisha, wenzangu, vyote vilikuwa vyake. Mgeni akihamia alipokewa kwa tende na kahawa, akaonyeshwa kibanda kinachovuja, akaambiwa karibu, hapa ni kwenu. Akitaka kujenga chake, ndipo alipoelezwa kwamba si kwao.

Maana Sultani alikuwa ameweka sharti. Hajengi mtu Mwambweni mpaka awe na kaburi la mtu wake mjini. Ardhi, alisema, haimjui mtu mpaka azike ndani yake. Maneno mazito, yananukia ubani, na wazee wa baraza wakayatikisia vichwa. Wao makaburi walikuwa nayo tele.

Basi wageni wakawa wanangoja msiba. Fundi cherehani mmoja mwenye hamu ya nyumba alimleta mama mkwe wake mgonjwa kutoka kwao, akamlaza kibandani, akamuuguza kwa upendo uliowashangaza majirani. Hewa ya Mwambweni ikamfaa yule bibi. Akapona, akanenepa, na aliyekonda ni mkwewe.

Siku moja akaingia Mize binti Kombo, mjane, mfinyanzi wa vyungu, na binti yake mdogo mgongoni. Kwao mto ulihama njia ukapita katikati ya kijiji. Mali aliyokuja nayo ni mtoto na ulimi, na ulimi ule, mtu akimuudhi Mize asubuhi, jioni bado unamjibu.

Kiwanja alikipata kwa kufuata mbuzi. Mvua ikinyesha, mbuzi hawalali penye maji, naye Mize alikuwa ameyachoka maji. Akaona wanapojilaza, kimwinuko kisicho na mwenyewe, akapima kwa kamba, akapiga vigingi. Akakata nguzo na fito, akazibeba kichwani mwenyewe. Majirani wakamwahidi: siku utakayopika, tutakuja kukandika. Ndiyo desturi ya pale. Mwenye nyumba hupika, wenzake hukandika, na hakuna ukuta Mwambweni usio na mchuzi kidogo ndani yake.

Masika yakawa yanakaribia. Kibanda alichopangishwa kilivuja juu ya kichwa cha mtoto, na mtoto akaanza kukohoa. Mize aliogopa, tena aliogopa sana. Kikohozi cha masika kilikuwa kimeshachukua watoto wa wageni mjini pale, na wazazi wao walipotoka kuzika, walipewa ruhusa ya kujenga.

Askari wakaja wakang'oa vigingi. Mize akamwachia jirani mtoto, akaenda moja kwa moja barazani kwa Sultani.

"Shikamoo, Bwana wangu."

"Marahaba. Wewe ndiye unayejenga bila kaburi?"

"Ndiye mimi. Makaburi ya kwetu yamekwenda na mto, na mume wangu akiwa ndani."

"Pole sana," akasema Sultani. "Lakini hayo ni ya huko kwenu."

"Huko kwetu hakupo tena, Bwana. Mimi nalala hapa, nakula hapa, nafinyanga udongo wa hapa. Hata chungu kilichopika mchuzi wako wa mchana nimekifinyanga mimi."

"Chungu huvunjika, bibi. Kaburi halihami."

"La kwetu limehama."

Wazee wakajifuta midomo kuficha kicheko. Sultani hakucheka.

"Una nani hapa mjini?" akauliza.

"Mtoto mmoja."

"Hajambo?"

"Anakohoa."

"Basi vuta subira," akasema Sultani kwa upole.

Mize damu ikamchemka. Angeweza kulia, angeweza kutukana, na kwa lolote kati ya hayo angefungwa. Akakaa kitako sakafuni kama mtu aliyekuja kuzungumza.

"Nimesikia, Bwana wangu. Na wewe je, ardhi hii ilikujuaje?"

Sultani akapanuka kifua. Swali hilo alilipenda.

"Babu yangu amelala pale, penye kaburi la mnara. Ndiye aliyetangulia kujenga hapa. Alikuta pori tupu, hata unyayo wa mtu haukuwapo. Nyumba hii tuliyokaa ni kazi ya mikono yake."

"Aliijenga kabla hajafa?"

"Ala! Maiti hujenga?"

"Na mimi naona hivyo. Basi siku alipochimba msingi, kaburi la mtu wake lilikuwa wapi?"

Kadhi, aliyekaa kando ya Sultani, akainama kufunga viatu, naye alikuwa amekuja peku.

"Lilikuwapo," akasema Sultani. "Halikosi kuwapo."

"Alhamdulillahi. Tuonyeshe, twende wote tukamsomee Fatiha. Na ukoo wake tuujue, maana kama alizikwa hapa kabla babu yako hajajenga, huenda wenye mji ni wao."

Wazee wawili watatu wakageuza shingo kumtazama Sultani, kwa hamu ambayo hakuipenda hata kidogo.

"Halikuwapo," akasema upesi. "Halikuwapo kaburi lolote. Sharti limekuja baadaye."

"Sharti ni lako, Bwana, au ni la ardhi?"

"La ardhi. Mimi nalisimamia tu."

"Na ardhi ilikuja baada ya babu yako?"

Sultani akamtazama Kadhi. Kadhi bado alikuwa anafunga viatu.

"Binti Kombo," akasema Sultani, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "sema unalotaka."

"Nataka amri yako tu, Bwana wangu. Jembe nimeliacha hapo mlangoni, na mvua haingoji mtu. Niende nikachimbe msingi wangu, au nianze kuufukua huu wa babu?"