Kanga wa Kilima cha Ikuni

Mmekaa? Semeni, "Tumekaa." Basi ilikuwako siku, enzi za babu wa babu yangu, siku isiyo na mwaka.

Kilima cha Ikuni kilikuwa cha Mshighati. Kilikuwa na kanga. Nasema kanga, si kororo; kororo ana kishungi. Watu wakawatega, wakawatega, hadi wakaisha. Kanga walipoisha, kupe wakajaa majanini. Ng'ombe wa Mshighati walikuwa saba; wakafa wanne.

Mshighati akaenda kwa wakwe zake ng'ambo ya mto, akarudi na mayai ya kanga katika kapu la pumba. Mkewe, Nakundwa, akamwekea kuku aliyekuwa akiatamia. Wakaanguliwa vifaranga kumi na saba. Akawalisha mchwa, akawalisha mtama, akiita, "Kru, kru, kru!" Nao wakaja mbio.

Walipokomaa akawapeleka kilimani. Jioni wakarudi, wakalala juu ya paa. Akawapeleka tena, wakarudi tena. Jirani yao, Senzia, akacheka hadi akashika mbavu.

"Shemeji, hao ni kuku wenye madoadoa!"

Mnacheka na ninyi. Senzia hakuishia kucheka. Asubuhi moja alipanda kilimani, akaita, "Kru, kru, kru!" Wakamjia wenyewe. Akachukua watatu, akala.

Mshighati akamwambia mkewe, "Mama Kiondo, tuwafungie."

"Tukiwafungia, kupe wataliwa na nani?"

Nakundwa akachukua mtama na ufito, akapanda kilimani. Akaita. Wakaja. Akawachapa. Kesho yake akaita, wakaja wachache. Akawachapa.

"Mama Kiondo, una nini wewe?"

"Nyamaza, Baba Kiondo. Na usiniangalie."

Siku ya nne akaita, akaita, jani halikutikisika. Akaketi chini akalia. Kisha akafuta uso, akashuka kupika.

Jioni ile paa lilikuwa tupu. Senzia naye aliita hadi sauti ikamkauka. Masika yaliyofuata kanga wakatotoa huko huko kilimani. Kupe wakapungua, na wale ng'ombe watatu wakazaa.

Miaka ikapita. Akaja mgeni, akasikia kanga wakilia.

"Bibi, nasikia uliwalea wewe. Hebu mwite mmoja nimwone."

Nakundwa akajibu, "Mwanangu, hakuna wanayemkimbia kama mimi."

Basi, wajukuu, anayelea cha porini ili kirudi porini, asidai kupendwa. Neno hili nililipokea kwa babu, nimelitua hapa. Mwenye nguvu na alibebe.