Mchungaji Aliyekwenda Kukaa Benchi la Nyuma

Ndugu msomaji, kisa hiki nimetumiwa na dada yangu asubuhi, nikakisoma hadi chai ikapoa mezani. Nami nakupa wewe. Ukimaliza, mpe mwenzako.

Kulikuwa na mchungaji mmoja huko milimani Upare, jina lake Elinihaki. Alikuwa mkali kweli kweli. Kwake dhambi ilikuwa dhambi, uwe tajiri, uwe mjomba wake. Mkristo aliyeanguka alitengwa: hashiriki Meza ya Bwana, yaani mkate na divai ya ushirika, na kila Jumapili anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mpaka siku atakaposimama mbele ya usharika na kusema kosa lake kwa kinywa chake. Hapo ndipo anarudishwa kundini.

Mchungaji alihubiri toba mpaka sauti ikamkauka. Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kupiga hodi kwake akatubu kwa hiari. Waliotengwa ni wale waliokamatwa tu.

"Watu hawa wana mioyo migumu," alikuwa akilalamika.

Basi siku moja chupa ya divai ya Meza ya Bwana haikuonekana. Mbali na mchungaji mwenyewe, aliyekuwa na ufunguo wa kabati la divai ni Mama Namsifu, mjane aliyekuwa akiitandika meza hiyo. Mchungaji hakupoteza muda.

"Mama Namsifu, divai umeipeleka wapi?"

"Baba Mchungaji, sijaigusa."

"Unaiba, halafu unaongeza na uongo?"

Akatengwa. Akaambiwa kwamba siku atakayokiri, atarudishwa. Mama akajibu kwa upole, "Nikikiri nisichokifanya, hapo ndipo nitakuwa nimemdanganya Mungu." Akaenda kukaa benchi la nyuma, peke yake. Hata mjukuu wake alipobatizwa, alimtazama kutoka kule kule mlangoni, pindo la kitenge likiwa mdomoni asisikike akilia. Watu walimwona, wakanyamaza.

Kiangazi kikapita. Mvua za vuli zilipoanza, Mchungaji Elinihaki akachukua koti lake la mvua, lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango wa ofisi tangu masika. Mbona zito? Akatia mkono mfuko wa ndani, akatoa chupa.

Akakumbuka kila kitu. Alikuwa amempelekea mgonjwa Meza ya Bwana nyumbani, mvua ikamkuta njiani, akaisukuma chupa ndani ya koti isije ikamponyoka. Aliporudi akalitundika koti, na jambo lenyewe likamtoka kichwani.

Akamwita Mzee Mbwambo, kiongozi wa wazee wa kanisa, akamwonyesha. Mzee akaufunga mlango kwanza.

"Baba Mchungaji, hili liishie humu humu. Jumapili tangaza kwamba umemsamehe Mama Namsifu. Yeye atarudi kundini, na wewe watu watakusifu kwa huruma yako."

"Nimsamehe kwa kosa gani?"

"Sasa ukisema ukweli, nani atakusikiliza tena siku ukikemea?"

Mchungaji aliogopa, tena sana. Wiki nzima, kila alipoyajaribu moyoni yale maneno ya "nimemsamehe", aliyaona matamu. Ingekuwa rahisi mno.

Jumapili ikafika. Akatoka na ile chupa mkononi, lakini hakupanda mimbari. Alisimama pale chini, mahali wanaposimama wenye makosa.

"Divai hii hakuna aliyeiba. Niliisahau mimi kwenye koti langu. Nimemwita mama huyu mwizi na mwongo mbele yenu, nikamnyima Meza ya Bwana na furaha ya mjukuu wake. Mama Namsifu, nimekukosea. Naomba unisamehe. Njoo ukae mbele, mimi naenda kukaa hapo ulipo."

Akavua joho, akaliweka kitini, akamwomba mwinjilisti aendelee na ibada. Njia ile ya kuelekea mlangoni hakuwahi kuiona ndefu hivyo, na alijua kwamba uchungaji wake umekwisha.

Alipofika nyuma, Mama Namsifu hakuwa ameinuka. Akasogea kumpa nafasi.

"Kaa upande huu, Baba Mchungaji. Huo ubao umelegea, utakurarulia suruali."

"Si nimekuambia uende mbele, mama?"

"Nitakwenda. Nimeshakusamehe. Lakini wewe ni mgeni huku, siwezi kukuacha peke yako."

Mchungaji akacheka huku analia. Tangu alipoiona ile chupa hakuwa amevuta pumzi ikashuka vizuri namna ile.

Kesho yake akasikia hodi ofisini. "Wamekuja kunifukuza," akawaza. Akafungua. Alikuwa Mzee Mbwambo, kofia mkononi, macho chini.

"Baba Mchungaji, ule mpaka wa shamba la ndugu yangu... ni mimi niliyeusogeza. Nataka kulisema Jumapili, kwa kinywa changu."

Nyuma yake, kwenye ngazi, walikuwa wamekaa watu wengine wakisubiri zamu. Mchungaji akawatazama, asiamini.

"Nilikuambia hakuna atakayekusikiliza," Mzee Mbwambo akasema. "Kumbe tulikuwa tunaogopa kuwa wa kwanza."

Jumapili iliyofuata benchi la nyuma halikutosha. Mama Namsifu alikuwa amekwisha kuitandika Meza ya Bwana, akiwa na kitenge chake kipya. Alipoona watu wamebanana kule mlangoni, akaenda mwenyewe kuwaletea benchi la pili.

Funzo: Kiongozi wa kiroho hashushi heshima yake anapotubu mbele ya watu wake. Hapo ndipo anapoanza kuwaongoza, kwa kuwa njia ambayo wameisikia miaka yote mimbarini, sasa wamemwona akiipita.