Ufunguo wa Nyumba ya Sinema

Sogeeni, sogeeni. Na nyie mnaopenda kutoa hukumu kabla kesi haijasomwa, leo mtajikuna vichwa. Kesi hii nimeibeba muda mrefu na mimi mwenyewe sijui pa kuitua.

Palikuwa na watu watatu pale Tanga, kila mmoja na kipaji chake.

Kombo, mpaka rangi, alijaliwa jicho la mwanga. Akiingia chumbani asubuhi alikuonyesha jua litagusa wapi alasiri, na ikifika alasiri likagusa hapo hapo.

Shebughe, seremala, alijaliwa unyayo. Akivua viatu akakanyaga sakafu, alikwambia imelalia upande gani, hata kama wewe unaapa kwamba imenyooka. Mkewe alizoea kuwaambia watu kwamba ameolewa na pimamaji.

Mwanahawa, mshona mapazia, alijaliwa sikio. Alipiga kofi moja tu chumbani akajua sauti inakimbilia wapi na inarudia wapi. Majirani walidhani ana kichaa kidogo, na yeye hakujisumbua kuwakanusha.

Vipaji vyote hivyo, na wote watatu hawakuwa na pa kukaa. Kombo na mkewe walibanana kwa wakwe. Shebughe na watoto wake walikuwa wameambiwa wahame, nyumba waliyopanga inabomolewa. Mwanahawa, tangu aachike, alilala kwenye kibanda chake cha kushonea, juu ya vitambaa vya watu.

Sasa, mjini humo palikuwa na jumba la sinema lililokufa zamani. Bi Hidaya, aliyelirithi, aliligawa likawa nyumba za familia. Zote zikapata watu isipokuwa moja, ile ya mbele kabisa, chini ya ukuta uliokuwa ukionyeshewa picha. Upande wa nje ilipakana na ghala la jirani, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo dirisha halikuwezekana. Sakafu iliteremka, maana sinema hujengwa hivyo ili wa nyuma waone juu ya vichwa vya wa mbele. Na kuta zake zilijengwa kusafirisha sauti. Jirani wa nyuma, kule juu ya mteremko, akipiga chafya, wewe wa chini unamwambia afya.

Bi Hidaya akachoka kuitazama. Akatangaza, "Atakayeifanya nyumba hii ikalike, ni yake."

"Tutajuaje kwamba inakalika?" Kombo akauliza.

"Shangazi yangu atatuonyesha."

Shangazi mwenyewe ni Bi Mwanate, mjane, na kila ukoo unaye mtu kama yeye. Tangu mumewe afariki alikuwa akizunguka kwa ndugu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kokote alikokwenda hakukaa zaidi ya kikombe kimoja cha kahawa. Akikimaliza anajitanda kanga yake na kusema, "Haya, naaga." Bi Hidaya alisema siku Shangazi atakaposahau kuaga, basi hapo ni nyumbani.

Akaanza Kombo. Kwa kuwa ukutani hapatoboleki, alipanda darini, akang'oa mabati machache na kuweka yale yanayopitisha mwanga. Kisha akaupaka ule ukuta wa picha rangi ya maziwa. Jua likashuka juu yake, na ukuta ukalisambaza chumba kizima. Bi Mwanate, ambaye mara ya kwanza aliishia mlangoni akisema kaburini ataingia siku yake ikifika, safari hii aliingia. Akaketi mkekani, akaweka kikombe chini. Kikombe kikaanza safari, taratibu, kuelekea mbele.

"Hidaya," akasema, "kahawa yako inaondoka kabla yangu."

Akaaga.

Akafuata Shebughe. Mtu mwingine angemwaga zege asawazishe, lakini zege lingefukia nusu ya ule ukuta mweupe. Yeye alichukua mbao za viti vya zamani, vile walivyokalia babu zetu wakila karanga, akaufanya mteremko kuwa vibaraza vipana vilivyopangana kama ngazi. Jiko juu, karibu na mlango. Pa kukaa katikati. Kitanda chini, mbele ya ukuta mweupe. Bi Mwanate akaja, akaketi, hata akaegemea. Yuko katikati ya kikombe, mara kule juu, kwa jirani wa nyuma, wakaanza mke na mume kugombana ni nani aliyemaliza ukoko wa wali. Kila neno likashuka.

Bi Mwanate akainua uso. "Mpe mwenzio ukoko wake!"

Sauti ya mwanamume ikashuka, kwa woga, "Nani huyo?"

Akaaga.

Akaja Mwanahawa. Alizunguka chumba akipiga makofi mpaka Shebughe akaona haya kwa niaba yake. Kisha akakusanya magunia, akayajaza nyuzi za mkonge, akayashona vipande vipande kama magodoro membamba na kuyafunika kwa kitambaa kizuri. Akayatundika kwenye ukuta wa nyuma na chini ya dari, juu ya fremu za mbao alizochongewa na Shebughe, akiuacha mwanga wa Kombo upite. Bi Mwanate akaja, akanywa, na jamani, akaomba kikombe cha pili! Akanyoosha miguu. Akaanza kusimulia habari ya arusi fulani, na kabla bibi arusi hajatoka ndani, msimuliaji akanyamaza. Alikuwa amelala.

Bi Hidaya alifuta machozi. Wale watatu wakaanza kugombana kwa kunong'ona, wasimwamshe.

"Bila mimi asingeingia," akasema Kombo. "Nilianza wakati hapa ni shimo na hakuna aliyeamini. Nyie mmefanya kazi mkiona mnachokishika."

"Bila mimi asingeketi," akasema Shebughe. "Mwanga mzuri, ndiyo, lakini ungemmulikia akiteleza. Na hayo magunia, dada, yameshikiliwa na fremu za nani?"

"Kaka zangu, nawaheshimu," akasema Mwanahawa. "Wewe ulimaliza, akaaga. Na wewe ulimaliza, akaaga. Nilipomaliza mimi, hakuaga. Sharti lilikuwa lipi?"

Wakamgeukia Bi Hidaya. Yeye aliposema atakayeifanya, aliwaza mtu mmoja. Kugawana hakuwezekani, chumba ni kimoja na kitanda ni kimoja.

Bi Mwanate akafumbua macho. "Nimelala?"

"Umelala, Shangazi."

Akautazama ule ukuta mweupe. "Tangu nimzike mume wangu," akasema, "sijawahi kulala mahali nikasahau kwamba niko kwa watu."

Akachukua kile kikombe cha pili, kahawa imeshapoa, akainywa yote. Kanga hakuigusa.

"Hidaya, mimi siondoki."

"Shangazi, nyumba nimeiahidi!"

"Kwa atakayeifanya ikalike. Hawa wanangu wameitengeneza, Mungu aibariki mikono yao. Lakini kati yetu, ni nani aliyeikalia?"

Kombo aliangalia chini. Shebughe aliwafikiria watoto wake. Mwanahawa alimtazama mama yule miguu yake ilivyonyooka mkekani. Bi Hidaya akautoa ufunguo, na mkono wake ukabaki hewani.

Nami namwacha hapo hapo, kwa sababu kila ninapousogeza mkono ule kwa mmoja, naona macho ya wengine. Haya, semeni nyie mliokaa kimya muda wote huu: ufunguo ungekuwa kiganjani mwako, na hao wanne wanakutazama, ungemkabidhi nani? Na wale watatu wanaobaki, wakikuuliza walale wapi leo, ungewajibu nini?