Mgeni wa Studio ya Ambakisye

"Ukimfukuza mgeni mbaya, funga na mlango wa uani." Bibi kawarushia msemo huo asubuhi, na sasa mnanikodolea macho mimi kana kwamba nilikuwepo dunia ikiumbwa. Ndevu zenyewe bado nazibembeleza. Haya, kaeni. Msemo huu haukutoka kwa mababu. Ulizaliwa hapa hapa Tukuyu, kwenye studio ya picha ya Ambakisye.

Ambakisye alikuwa na kompyuta moja tu, na ndani yake video ya harusi ya Tumpe, isiyo na nakala kwingine. Familia ingekusanyika Jumamosi kuitazama. Programu ya kuhariri video ni ya kulipia, lakini yeye akaokota ya wizi mtandaoni. Maelezo yake yalisema: zima kwanza kinga ya virusi, ndipo uisakinishe. Akazima. Yaani mtu usiyemjua anabisha hodi, anakuomba umfunge mbwa, nawe unamfunga.

Programu ikafanya kazi vizuri, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Siku moja mshale wa mausi ukaanza kutembea wenyewe, ukifungua mafaili kama mpangaji anayekagua nyumba. Ambakisye akaifuta ile programu, akapiga mluzi. Kesho yake mshale ukarudi, ukawa unaliburuta faili la harusi kwenda kwenye pipa la taka. Akachomoa waya wa intaneti. Mshale ukaganda.

Akamwita Lusajo, fundi kompyuta. Tumpe naye akaingia kuulizia video yake.

"Nimeshaifuta, ndugu yangu," Ambakisye akalalamika.

"Umemfuta aliyemleta," Lusajo akajibu. "Yeye mwenyewe yumo."

"Yumo wapi?"

"Ile programu iliacha kijiprogramu kingine kimejificha. Kila ukiwasha kompyuta kinaamka, kinamfungulia mtu aliye mbali. Umemtoa mgeni sebuleni, uani umeacha wazi."

"Na harusi yangu?" Tumpe akauliza.

"Ipo bado, dada."

"Afadhali. Mume ninaye, lakini mama yangu anataka kujiona akicheza. Ikipotea, Ambakisye ahame mji."

Lusajo hakuurudisha ule waya. Aliiwasha kompyuta kwa flashi safi aliyoiandaa kwake, akanakili video na picha peke yake, bila programu hata moja, akazikagua. Kisha akafuta diski nzima, akaweka mfumo upya na kuwasha kinga. Ambakisye akabadilisha nywila zake zote, tena kwa simu, kabla kompyuta haijagusa intaneti.

Jumamosi video ikachezwa nyumbani kwa kina Tumpe, mwanzo hadi mwisho. Ambakisye alikaa nyuma, jasho likimkauka taratibu. Mama Tumpe alijitazama akikata kiuno, akaomba irudiwe, akaridhika. Binti yake alikuwa amemsimulia yote, kwa hiyo akamgeukia mpiga picha.

"Mwanangu, kazi nzuri. Ila siku nyingine, ukimfukuza mgeni mbaya, funga na mlango wa uani."

Sebule nzima ikacheka, na Ambakisye akacheka kuliko wote, kama mtu aliyetuliwa gunia la viazi kichwani.