Jina Moja kwenye Jiwe la Vallescura

Hapo zamani, si zile za fisi kuoa na sungura kwenda mahakamani, bali zile ambamo Italia ilikuwa nchi mbichi iliyozaliwa juzi tu, kulikuwa na mji mlimani ukiitwa Vallescura. Vijinchi vingi, kila kimoja na mtawala wake, vilikuwa vimeunganishwa vikawa nchi moja. Bendera ilipatikana. Mfalme alipatikana. Tatizo likabaki moja: wananchi wenyewe hawakuelewana. Mtu wa kusini akiomba chumvi, mtu wa kaskazini alimletea kiti! Wakubwa wakasema dawa yake ni lugha moja, ile ya vitabuni, ambayo wachache waliijua na wengi waliiogopa.

Meya wa Vallescura naye hakutaka kubaki nyuma. Akajenga chemchemi ya mawe katikati ya uwanja, maji yakamwagika usiku na mchana, na juu ya maji akaacha jiwe moja jeupe, tupu. Akatangaza: "Juu ya jiwe hili tutachonga ubeti mmoja unaosema Italia ni nini. Chini ya ubeti tutachonga jina la mwenyewe. Jina moja! Wajukuu wa wajukuu zetu wakija kuchota maji watalisoma."

Mji mzima ukachemka.

Sasa, kule mlimani walikuwako wachungaji wa kondoo, na wachungaji hao walikuwa washairi. Msishangae. Mtu anayetembea nyuma ya kondoo toka kileleni hadi pwani, kisha arudi tena nyasi zikiota, atafanya nini na mdomo wake? Walitunga. Tena walilumbana: huyu akimaliza ubeti wake wa mishororo minane, mwenzake lazima aanze na kina kilekile alichoachiwa, papo hapo, bila kuandika, bila kukuna kichwa. Bingwa wao alikuwa mzee Settimio. Mzee huyo alifariki wakati wa baridi, na tungo zake zote zikaenda naye, maana hakuna hata moja iliyoandikwa. Alimwacha binti yake, Ersilia.

Ersilia alikuwa mtengenezaji wa jibini, mwanamke wa makamo mwenye mikono myekundu na ulimi mkali. Alitunga tangu utotoni, lakini kwa lugha ya mlimani tu, maana hakujua nyingine. Wachungaji waliitana kwa majina ya baba zao, na yeye kila mtu alimwita Ersilia wa Settimio. Aliposikia habari za lile jiwe, moyo ulimruka. Jina lake likichongwa pale, la baba yake limechongwa pamoja nalo. Hilo ndilo alilolitaka, na alilitaka mpaka akakosa hamu ya kula.

Siku ya sikukuu, ambapo ubeti wa jiwe ungeshindaniwa kwa malumbano, ikafika. Uwanja ulijaa hata pa kuweka unyayo hapakuwepo. Watoto walipanda madirishani, wazee walibebewa viti, na askari wa serikali mpya walishika kamba kuzuia watu wasiisukume meza ya hakimu. Hakimu alikuwa Bwana Ilario, mwuza dawa, mtu wa tumbo na miwani. Akasimama, akainua glasi ya divai.

"Sheria ni tatu," akasema. "Utaanza na kina alichokuachia mwenzako. Utatumia lugha ya Italia nzima, si ya zizini kwenu. Na utaanza na kumaliza kabla mimi sijamaliza glasi hii. Nami, mnanijua, si mtu wa kunywa polepole!"

Watu wakacheka. Hawakucheka sana, kwa sababu mshindani wa kwanza alishapanda jukwaani.

Huyo alikuwa Gaudenzio, bingwa kutoka mji mkubwa wa bondeni. Masharubu yake yalikuwa yamepakwa mafuta, sauti yake ya kengele. Wachungaji walimpandia mmoja baada ya mwingine, naye akawaangusha mmoja baada ya mwingine. Huyu alishikwa na kigugumizi, yule alitumia neno la zizini, mwingine glasi ilimwahi. Gaudenzio akageukia mlimani walikotoka, akakunja mikono kifuani, akafunga ubeti wake. Kwa Kiswahili chetu ni kama alisema hivi:

*Italia marumaru, na mataji ya zamani;*
*wachunga mbuzi kaeni, nanyi mwamjua nani?*

Mbuzi! Watu walikuwa wa kondoo, na yeye alijua vizuri kabisa kwamba ni wa kondoo. Ersilia aliiona damu yake ikipanda hadi masikioni. Kabla hajafikiri mara mbili, alikwisha kusimama kwenye kamba, mdomo wazi, akiimba kwa lugha yake ya mlimani.

"Simama!" Bwana Ilario akapiga meza. "Mama, hiyo si lugha ya Italia."

"Ni lugha ya nani basi?" akauliza Ersilia. "Mimi si wa Italia?"

"U wa Italia, mama yangu, lakini Italia haikuelewi."

Watu wa bondeni wakaangua kicheko. Ersilia alitamani ardhi impasukie. Ndipo mkono mwembamba ukamshika kiwiko. Alikuwa Clelia, mwalimu wa shule mpya, aliyetumwa kutoka mbali, huko ambako lugha ya vitabuni ndiyo lugha ya sokoni. Clelia alikuwa amepanga chumba nyumbani kwa Ersilia, na katika majira mawili ya baridi kando ya jiko moja, alikuwa amejifunza lugha ya mlimani hata ya kugombana.

"Dada, tunga," akasema Clelia. "Ninong'oneze kwa lugha yako. Mimi nitaigeuza."

"Na vina je?"

"Nitavitafuta. Tunga!"

Hakimu, kwa kuwa sheria zake tatu hazikukataza msaidizi, akainua glasi, akaanza kunywa. Ersilia akanong'ona. Clelia akafumba macho, midomo ikamcheza, maneno ya mlimani yakaingia upande huu na ya vitabuni yakatoka upande ule, yamevaa vina, yanatembea kwa mizani. Akafungua kinywa aimbe. Maskini! Sauti yake iliyotosha darasa la watoto haikutosha uwanja ule. Hata wa mstari wa mbele hawakumsikia.

Divai ilikuwa inashuka.

Basi kwenye kamba, hatua moja tu kutoka kwao, alisimama askari kijana aitwaye Calogero, mtoto wa kisiwani kusini kabisa. Kabla ya kuvishwa sare alikuwa mchuuzi wa mboga, na sauti yake ilikuwa ikiamsha mitaa mitatu kwa mpigo. Serikali ilimleta mlimani kuwinda majambazi, na wanamlima walimchukia kwa ajili ya sare hiyo, wakimfungia milango alipoomba maji. Gaudenzio pia alikuwa amemcheka asubuhi ile kwa matamshi yake. Calogero akaegemeza bunduki ukutani.

"Mwalimu, nipe mimi," akasema. "Haraka! Jamaa anakunywa kama ng'ombe!"

Clelia akampa mshororo wa kwanza sikioni. Na Calogero akauachia.

Loo! Njiwa waliruka kutoka mnara wa kanisa. Ersilia akanong'ona kwa Clelia, Clelia akamnong'oneza Calogero, Calogero akaumwagia uwanja mzima, mshororo kwa mshororo:

*Najua kondoo wangu, kushuka toka mlimani;*
*avuka nchi za watu, nyasi azifuatia;*
*mkate wa wasojua, lugha yangu ya nyumbani,*
*nimeula nikashiba, sufu yangu walalia;*
*hakuniuliza mtu: "Mgeni, u mtu gani?"*
*Waliniambia "Keti," nami nikaketi pia.*

Hapo uwanja ulilipuka. Wa bondeni walielewa! Wa mlimani walielewa! Kofia zikarushwa, mabibi wakapiga masufuria waliyokuja nayo, na Ersilia akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja. Akainama kwa Clelia ampe mishororo miwili ya mwisho. Hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko yote, kwa sababu ndani yake aliweka jina la baba yake: Settimio, mzee aliyeijua Italia kwa nyayo kabla wafalme hawajaijua kwa ramani. Clelia akaisikia, akaigeuza, akamgeukia Calogero.

Calogero hakusikia kitu. Kelele zilikuwa zimeimeza ile sauti ya darasani. Clelia alipaza sauti, wapi! Calogero aliiona midomo yake tu ikifunguka na kufungika. Na kwenye meza, kwenye glasi ya Bwana Ilario, palibaki tone la mwisho, na kichwa cha Bwana Ilario kilikwisha kulazwa nyuma.

Askari yule akawatazama wanamlima waliokuwa wakimfungia milango. Wote walikuwa wanamtazama yeye, midomo wazi. Akavuta pumzi, akaimba ya kwake mwenyewe, kwa lugha ya vitabuni aliyofunzwa kikosini:

*Nimeletwa na bunduki, jina lenu silijui;*
*mkiimba ninalia — je, nalia na adui?*

Glasi ikagonga meza, tupu.

Yakasikika maji ya chemchemi tu. Halafu kikongwe mmoja, ambaye mwanawe alipigwa risasi na askari, akapita chini ya kamba, akamshika Calogero mashavu kwa mikono yote miwili, akambusu. Basi tena! Nani angezuia watu? Gaudenzio mwenyewe alivua kofia. Bwana Ilario alifuta miwani, akaivaa, akaivua tena, akatangaza kwa sauti iliyokatika: "Ubeti ndio huu! Jiwe limepata ubeti wake!"

Ersilia alishangilia na wenzake mpaka sauti ikamkauka. Ndipo ikamwingia akilini kwamba jina la baba yake halikuimbwa. Furaha haikumtoka, lakini ndani yake kulikuwa na mwiba, na alimtazama yule kijana kwa upendo na kwa hasira, hajui lipi litangulie.

Mchonga mawe akaja na nyundo na patasi. Kwa siku chache akachonga mishororo yote minane, watu wakimwangalia tangu alfajiri. Alipofika chini akauliza, "Jina?"

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Clelia alisema: "Msinione mchoyo. Wazo si langu, nakubali. Lakini chukueni alichoninong'oneza Ersilia, mkichonge kama kilivyo. Nani nje ya mlima huu atakisoma? Kila neno lililo pale juu nimelitafuta mimi, kila kina nimekifunga mimi, glasi ikiniishia machoni. Italia inasoma maneno yangu. Mtu akiandika maneno, jina lake huwekwa wapi?"

Calogero alisema: "Mimi sikujua hata tunasema nini mpaka nilipoanza kuimba. Ila ukumbukeni uwanja. Mliposhangilia, mlishangilia shairi. Mlipolia, mlilia kwa mishororo miwili, na hiyo hakunipa mtu. Kikosi chetu kinaondoka. Askari akifa huzikwa popote, hata ubao hawekewi. Niachieni jina mahali pamoja tu, kwa watu ambao sasa hawanifungii milango."

Ersilia alisema: "Kondoo ni wangu. Njia ni yangu. Mkate ule niliula mimi, na baba yangu kabla yangu. Mngenitoa mimi, mwalimu angegeuza nini, na askari angeimba nini? Angeuza mboga! Tena mishororo ya mwisho nilikuwa nayo, imekamilika, ina jina la baba. Ililiwa na kelele za furaha yenu. Nimekwisha kumpoteza mara moja ndani ya ubeti. Mnataka nimpoteze na chini yake?"

Gaudenzio, ambaye hakuwa ameondoka mjini kwa kuwa divai ilikuwa nzuri, naye akainua mkono. "Na kina cha kwanza je? Nisingewatukana, mngeimba nini?" Watu wakamzomea, ila wengine walicheka wakasema ana hoja.

Mtu mmoja akasema yachongwe majina yote. Mchonga mawe akapima kwa vidole: nafasi ilitosha jina moja, na meya alikwisha kusema moja. Mwingine akasema liandikwe "Wananchi", yaishe. Ersilia akamgeukia. "Wananchi ni mtoto wa nani? Nitamwonyesha nani mjukuu, niseme huyu hapa ni Wananchi?"

Bwana Ilario alijikuna kipara. Mwishowe akashika desturi ya wachungaji wenyewe: malumbano yakiwa na ubishi, aliyepokea kina ndiye atakayemtaja mwenye ubeti, na akishamtaja hapana kurudi nyuma. Aliyepokea kina alikuwa Ersilia.

Mji wote ukamgeukia. Clelia alimtazama, dada wa jiko moja, mikono yake ikisokota ncha ya mtandio. Calogero alimtazama, begi lake la safari tayari begani, wenzake wakimwita barabarani. Ersilia alisogea hadi kwenye jiwe. Alitaka kusema Settimio. Neno lilikuwa limejaa kinywani. Macho yake yakapita kwenye mishororo, kutoka ule wa kondoo hadi ule wa adui, na akajua kwamba ubeti wake mwenyewe haujawahi kuwa mzuri kiasi kile, na kwamba uzuri ule haukuwa wake wote.

"Mama," mchonga mawe akasema, patasi imeshagusa jiwe, "nianze na herufi gani?"

Ersilia akavuta pumzi, akataja jina.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, na maji yale yana kelele, sikulisikia. Ninyi mlioko mbele, mnaojua aliyetembea njia, na aliyetafuta maneno, na aliyewaliza watu, niambieni: je, jina la nani lilistahili kukaa kwenye jiwe?