Ukoko wa Bibi Mize

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi, zamani ya juzijuzi tu, wakubwa wakifanya semina za mazingira hotelini, AC inavuma na maji ya chupa mezani, kule Ngamiani, Tanga, aliishi Bibi Mize na wajukuu wake watatu: Semeni, Mbaruku na Nyange.

Kila Ijumaa Bibi alipika wali wa nazi kwa makaa ya miti. Chini moto, juu ya mfuniko kapalia moto. Jikoni moshi, kifuani kikohozi. Daktari akamwambia, "Bibi, chagua: moshi au mapafu."

"Na ukoko je?"

Maana nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Ukoko haugawanywi. Unabanduliwa mzima kama sahani, anapewa mmoja, na aliyeula ndiye mwenye amri jikoni. Bibi akatangaza: "Atakayenipikia wali usionikohoza, wenye ukoko wake, nampa ukoko na jiko. Asipopatikana, narudi kwenye makaa yangu, mnizike nikinuka moshi."

Semeni akachukua kikapu, akakishindilia sufi na kanga kuukuu. Wali ukichemka tu, anautoa motoni, anautumbukiza kikapuni na sufuria yake, anafunika; unajiivisha wenyewe. Makaa yakapungua, lakini yalikuwa yaleyale: Bibi akakohoa. Akachungulia chini ya sufuria, kweupe! "Mke mwenzangu, huu wali wa hospitali. Ukoko uko wapi?"

Mbaruku akaenda sokoni kwa wakuna nazi, akaokota vifuu wanavyotupa, akavichoma kwenye debe huko mbali, akapata makaa. Hakuna mti uliokatwa, hakuna moshi. Bibi hakukohoa. Lakini moto wa vifuu mkali, wali ukaungua. "Mume wangu, huu ni ukoko au lami?"

Ijumaa ya tatu wakaunganisha nguvu: vifuu vya Mbaruku, kikapu cha Semeni. Akabaki Nyange. Nyange ana digrii ya mazingira, na barua za kunyimwa kazi, zile "we regret to inform you", alizotumiwa zingetosha kuwashia jiko mwaka mzima. Wakampa kazi moja: "Wali ukichemka tu, utie kikapuni. Umesikia, msomi?"

"Relax, basi!"

Akainamia simu, anaomba kazi. Wali ukachemka, ukakauka, ukaanza kunukia. Akashtuka, "Mama yangu!", akautumbukiza kikapuni, akarudi kwenye simu kama hakuna kilichotokea.

Bibi akapakua. Wali umeiva, punje moja moja. Chini yake ukoko, rangi ya asali, mzima! Kikohozi hakuna. Bibi akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

Semeni akasema, "Bibi, kikapu ndicho kilichouivisha. Ungebaki motoni, ungekuwa lami."

Mbaruku akasema, "Bila vifuu vyangu ungekuwa unakohoa sasa hivi. Ukoko ungeula kwa pafu gani?"

Nyange akasema, "Nyie mlipika wali, tena mkashindwa, kila mtu kwa zamu yake. Ukoko nimeuleta mimi. That's innovation."

Mbaruku akadakia, "Innovation! Si ulisahau, macho kwenye simu?"

"Nilisahau kwa kiasi."

Bibi akamtazama kwa huruma. "Mume wangu, Ijumaa ijayo utaweza kukosea vilevile?"

"Bibi, kukosea ndiyo kazi pekee niliyonayo."

Semeni akasema, "Tuugawe, Bibi, yaishe."

"Sheria ni sheria. Jiko halina wakuu watatu, hilo si wizara."

Akaubandua ukoko, akaushika mkononi. Watatu wamekinga mikono. Ukoko unapoa, na ukipoa unakuwa kigae.

Haya, nyinyi mnaosikiliza huku mkimeza mate: mkono huo ungekuwa wenu, mngemnyooshea nani? Nani alistahili ukoko wa Bibi Mize?